Kuti, Waraka na Mlango: Historia ya Jani katika Pwani ya Malindi

Magazeti ya Kiswahili hayaishiwi na watu wanaokalia kuti kavu. Leo ni kocha aliyefungwa mechi tatu mfululizo, kesho ni waziri aliyetajwa kwenye ripoti ya ufisadi. Mwandishi wa michezo wa Nairobi au Dar es Salaam huenda hajawahi kupanda mnazi hata siku moja, lakini usemi huo ameurithi kwa waliopanda. Mgema wa Ganda, bara kidogo ya mji wa Malindi, anaujua kwa viungo vya mwili wake: kuti bichi limeshika shina barabara, kuti kavu limekwisha kulegea, na anayelitegemea akiwa kileleni hana pa kujishikiza tena.

Ganda ni nchi ya Wagiriama, nchi ya minazi, mikorosho na miembe. Mashariki yake uko mji na bahari, kaskazini unapita Mto Sabaki, kusini upo msitu wa Arabuko-Sokoke na magofu ya Gede. Ndani ya eneo hilo dogo jani limekuwa paa, tanga, mkeka, kitafunwa, pambo la mlango, ukurasa, dawa na kielelezo cha sayansi. Kila kazi kati ya hizo ina mafundi wake na historia yake, lakini zote zimekabiliwa na taabu moja: jani huoza. Basi watu wa pwani hii, pamoja na wageni waliokuja kuwachunguza, walifanya nini ili elimu ya jani isioze pamoja na jani?

Majibu yamekuwa mawili. Wengine waliirudia kazi kila lilipooza. Wengine walilisimamisha jani lisioze, kwa kulichonga kwenye mbao na mawe au kwa kulikausha juu ya karatasi. Historia ya miaka elfu mbili inaonyesha kwamba njia hizi mbili hazihifadhi kitu kimoja.

Kazi ya kushona

Maandishi ya kale zaidi yanayoeleza biashara ya pwani ya Afrika Mashariki ni kitabu kidogo cha baharia Mgiriki, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Mwandishi wake anataja bandari ya Rhapta, na anasema jina hilo limetokana na vyombo vya hapo, ambavyo vilikuwa vya kushonwa. Ufundi huo uliendelea kwa karne nyingi, na kwa Waswahili ukafikia kilele chake katika mtepe. Mbao za mtepe zilifungwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya misumari, na tanga lake la mraba lilikuwa mkeka uliosukwa kwa miyaa. Kamba na tanga la chombo vilikuwa kazi ya mnazi na mkoma. Kamba zilipochakaa kilifumuliwa na kushonwa upya. Tanga lilipochanika wasusi walisuka jingine.

Nchi kavu, ufundi huo huo ulikwenda juu ya vichwa vya watu. Nyumba za kale za Wagiriama ziliezekwa kwa nyasi. Kadiri walivyopanda minazi, makuti nayo yalichukua nafasi. Kazi ya kuyatengeneza huanza chini ya mti. Kuti zima likishaangushwa, majani yake membamba huchanwa kutoka kwenye uti wa kati na kufungwa tita. Uti hautupwi, kwa kuwa ukipasuliwa hutoa vijiti virefu vya kushonea. Mshonaji, ambaye Kilifi mara nyingi ni mwanamke, hukaa na kijiti mbele yake, akachukua majani mawili au matatu kwa pamoja, akayakunja juu ya kijiti kwa upande wa shina, akayakaza na kuyapitishia ukambaa wa mkoma. Kisha hushika mengine, yakalalia ya kwanza. Mikono haisimami, na mazungumzo hayakatiki, hadi kijiti kijae. Hilo ndilo kuti la kiungo. Lipo pia kuti la kumba, ambalo halichanwi: hupasuliwa katikati kwa urefu, na majani yake yakasukwa yakiwa bado yameshikamana na uti. Hilo la pili hufaa zaidi nyua na vibanda.

Mwezekaji naye huanzia chini, kwenye ukingo wa paa, akapanda kuelekea juu, kila safu ikifunika sehemu kubwa ya iliyotangulia. Mwinamo wa paa ukiwa mkali maji hayapati pa kutuama. Makuti yakibanwa karibu karibu paa hudumu zaidi, na moshi wa jikoni husaidia kufukuza wadudu. Hata hivyo, liezekwe vizuri namna gani, baada ya miaka kadhaa huanza kuvuja, na kazi hurudi mwanzo.

Kurudi mwanzo huko ndiko kulikofundisha. Binti aliyemwona mama yake akishona makuti ya nyumba aliyozaliwa, mwenyewe alishona ya nyumba aliyoolewa, na akaishi kuwaona wanawe wakishona ya zamu iliyofuata. Hapakuwa na kitabu cha ushonaji wa makuti kwa sababu paa lenyewe halikuruhusu mtu asahau. Kwenye mkeka mambo yalikuwa hayo hayo: miyaa na ukindu huanikwa, huchanwa, husukwa ukili mrefu, kisha ukili huungwa kwa ukili hadi upana unaotakiwa upatikane, na mkeka ukichakaa msusi huketi tena.

Mtepe ulipotoka baharini mwanzoni mwa karne ya 20, mnyororo huo wa kufundishana ulikatika. Mwaka 2003, mafundi wa Zanzibar walipounda mtepe mmoja kwa ajili ya maonyesho ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, iliwabidi wategemee zaidi maandishi na mifano midogo iliyobaki. Kazi ambayo babu zao waliijua kwa mikono, wao waliisoma.

Jani la kutafunwa

Kuna jani ambalo halikuwahi kungoja hata mwezi. Ibn Battuta alisafiri katika pwani hii mwaka 1331. Alipofika Mogadishu, sultani alimpelekea sahani yenye majani ya tambuu na popoo kama heshima ya mgeni, na msafiri yule akaona desturi hiyo inastahili kuandikwa. Kote uswahilini uraibu huo ulikuwa wa adabu. Jani bichi hupakwa chokaa kidogo, likatiwa vipande vya popoo na katu, likakunjwa na kutiwa mdomoni. Sahani ya tambuu ilizungushwa arusini, na mwenye nyumba aliyemkosesha mgeni wake tambuu alijitafutia maneno.

Tambuu kavu si tambuu. Jani likinyauka thamani yake imekwisha, ndiyo maana mtambuu ulipandwa karibu na watu na majani yakachumwa kwa kiasi cha haja. Leo mahali pake, hasa kwa vijana wa Malindi na Kilifi, pamechukuliwa na jani jingine linalotoka mbali. Mogoka hulimwa Embu, na kama ilivyo kwa miraa, kiini kinachomchangamsha mlaji hupungua nguvu haraka baada ya jani kuchumwa. Kwa hiyo magari ya mogoka hushindana na saa kuteremka pwani. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita-Taveta walipiga marufuku uingizaji wake, wakisema unaharibu vijana. Serikali ya kitaifa ilijibu kwamba marufuku hayo hayana nguvu kisheria, na Mahakama Kuu ya Embu ikayasimamisha kwa muda. Mkulima wa bara alilia riziki, mzazi wa pwani alilia mwanawe, na wote wawili walikuwa wakizungumzia jani ambalo baada ya siku mbili au tatu halina mnunuzi.

Jani la mawe

Jani lililo kongwe kuliko yote katika eneo hili halikuota kwenye mti. Wanajiolojia hutumia lugha ya majani kueleza miamba ambayo, kwa joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi, madini yake yamejipanga tabaka kwa tabaka kama karatasi za kitabu. Miamba geuzi ya namna hiyo imetapakaa bara, katika nchi za Ukambani na Tsavo ambako Mto Athi, unaobadilika jina kuwa Galana na hatimaye Sabaki, hupita kabla ya kufika baharini. Ndani ya miamba hiyo mna ulanga, madini yanayobanduka vipande vyembamba vinavyong'aa. Mvua huimomonyoa miamba, mto ukabeba mchanga wake hadi mlangoni kaskazini ya Malindi, na mawimbi yakautandaza ufuoni. Anayetembea Silversand au Mambrui jua likiwa utosini huona mchanga unametameta miguuni pake. Ni majani ya mawe yenye umri wa mamia ya mamilioni ya miaka.

Binadamu naye aliweka majani yake kwenye mawe. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi Aprili 1498, shajara ya safari yake ilieleza mji wenye nyumba ndefu zilizopakwa chokaa nyeupe, madirisha mengi, na minazi upande wa bara. Nyumba za namna hiyo zilijengwa kwa matumbawe. Jiwe la matumbawe likitolewa baharini bichi huwa laini, hukubali patasi, na likikauka hukaza. Huko Gede, mji ulioachwa na watu wake mwanzoni mwa karne ya 17, mwanaakiolojia James Kirkman aliyeanza kuchimbua mwaka 1948 alikuta misikiti, jumba kubwa la mtawala, milango ya matao yenye nakshi na kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka 1399. Alikuta pia vipande vingi vya kauri kutoka China, baadhi vikiwa na matawi na maua ya samawati juu ya weupe. Majani ya China na nakshi za pwani yalikutana ukutani, kwa kuwa Waswahili walizipachika sahani hizo kwenye misikiti na kwenye nguzo za makaburi, kama inavyoonekana Mambrui hadi leo.

Baadaye, katika karne ya 18, matajiri wa Lamu walipamba kuta za ndani kwa vidaka na nakshi za chokaa, na mbao nazo zilichongwa. Mlango wa Mswahili una mfaa wake katikati, fremu mbili kando na kizingiti juu, na kila sehemu ikawa uwanja wa mchongaji. Majani yaliyojipinda, mayungiyungi na mitende yalijaa hapo, pamoja na samaki, mawimbi na minyororo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mafundi wa asili ya Gujarat waliongeza mtindo wa vichwa vya nusu duara vilivyosongamana majani na maua, bila kuacha hata pengo la kuweka kidole. Mwaka 1924 Mwingereza F. R. Barton aliandika makala juu ya milango ya Zanzibar na kuipa kila alama maana: mtende kwa neema, yungiyungi kwa uzazi, mnyororo kwa usalama. Maelezo yake yamerudiwa na waongozaji wa watalii tangu hapo. Lakini mchongaji alikuwa pia na sababu za kazini mwake. Jani lililojipinda lina faida kwa fundi: linaweza kurefushwa, kufupishwa na kugeuzwa kona bila kuvunja mpangilio, na ubao wowote, uwe mwembamba au mpana, utajazwa.

Jani la Gede limekaa zaidi ya miaka 400 bila kuoza. Aliyelichonga hakuacha mwanafunzi tunayeweza kumuuliza alitumia patasi gani. Mlango nao ukidumu karne moja, ukoo unaweza kukaa vizazi vitatu bila kumhitaji mchongaji. Wagiriama waliliona jambo hili kwa jicho jingine. Mtu wa chama cha Gohu akifa, husimamishiwa kigango, mti uliochongwa kwa umbo la binadamu na kutiwa pembetatu. Kigango hakihamishwi wala hakitengenezwi kikichakaa. Huachwa palepale hadi mchwa na mvua vimalize kazi, na uhai wa ukoo ukiendelea, vingine huchongwa. Vile vilivyong'olewa na kuuzwa kwa wakusanyaji, ambavyo mwanzoni mwa karne hii vilianza kurudishwa kutoka makumbusho ya Marekani, vilikuwa vimehifadhiwa vizuri sana mahali ambapo havikuwa na kazi.

Waraka

Waarabu huita jani na karatasi kwa jina moja, na Kiswahili kikachukua waraka. Vitabu vya pwani vilikuwa majani kwelikweli: karatasi kutoka ng'ambo, zilizokunjwa na kushonwa. Huko Siyu, kisiwani Pate, wanakili wa karne ya 18 na 19 waliandika misahafu wakaipamba kwa nakshi kwenye kingo, kwa rangi nyeusi, nyekundu na njano. Katika vitabu vingi vya namna hiyo namba za kurasa hazikuhitajika. Mnakili aliandika chini ya ukurasa neno litakaloanzia ukurasa unaofuata. Uzi ukikatika na karatasi zikatawanyika, msomaji aliokota jani moja, akatazama neno la chini, akatafuta lenzake.

Karatasi hizo nazo hazikuwa na maisha marefu. Unyevunyevu, mchwa na nondo wa pwani havibagui maandishi matakatifu na mashairi. Kilichookoa fasihi ni kunakili, na hakuna mfano ulio wazi kama wa Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840. Miaka ya 1880, mmisionari William Ernest Taylor alianza kukusanya tungo za mji huo. Mwalimu wake alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, msomi wa Mombasa aliyezijua tungo za Muyaka, matukio yaliyozizaa na maana za maneno yaliyokuwa yameanza kusahauliwa. Sikujua alieleza, Taylor akaandika. Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi zilikaa, zikapita mikononi mwa mhariri William Hichens, na diwani ya Muyaka ikachapishwa mwaka 1940, miaka mia moja kamili baada ya mshairi kufa.

Taylor huyo huyo alikuwa na mkusanyiko wa pili. Alitembea Ugiriama akaandika msamiati wa Kigiriama, uliochapishwa mwaka 1891, na alipokuwa akitembea alichuma mimea. Katika Makumbusho ya Historia Asilia ya London vimo vielelezo vyenye jina lake, vilivyotoka Giriama na milima ya Shimba katika miaka ya 1880. Kwa hiyo mtu mmoja alibeba kutoka meli moja hadi nyingine aina mbili za majani, ya mashairi na ya miti, na yote akayalaza bapa kwenye karatasi. Tofauti ilikuwa katika watu. Kwenye mashairi tunamjua Sikujua, tunajua alisema nini, na kwa sababu hiyo beti zinasomeka. Kwenye mimea, Wagiriama waliomwonyesha njia na kumtajia majina hawatambuliki kwa vielelezo hivyo.

Jani lililokaushwa

Namna ya kulihifadhi jani kisayansi haijabadilika sana. Tawi dogo lenye majani, na likibahatika maua au matunda, hulazwa ndani ya gazeti, likabanwa kati ya mbao mbili na kukaushwa. Kisha hubandikwa kwenye karatasi ngumu yenye urefu wa sentimita 40 na kitu. Kwenye kona ya chini hubandikwa kijikaratasi: jina la kisayansi, mahali, tarehe, mwinuko, jina la mkusanyaji na namba yake. Mara nyingine huongezwa jina la kienyeji, na mara chache zaidi, matumizi.

Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Chini ya Waingereza, mtaalamu wa mimea P. J. Greenway alifanya kazi hapo na mwaka 1937 akatoa kamusi ya majina ya Kiswahili ya mimea. Ilikuwa kazi kubwa: humo mkoma, mkindu na mvule vilikaa safu moja na majina yao ya Kilatini. Mwaka 1950 hebaria ya Amani, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, ilihamishiwa Nairobi, ambako hadi leo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa na ina karibu vielelezo milioni moja. Kwa vielelezo hivyo na vya bustani ya mimea ya Kew, London, wataalamu waliandika orodha kuu ya mimea ya Afrika Mashariki, kazi iliyoanza kutoka mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ikiwa na aina zaidi ya 12,000.

Wakati majani yakikaushwa, misitu yenyewe ilikuwa na walinzi wake. Kaya za Wamijikenda, ambao Wagiriama ni miongoni mwao, zilikuwa makao ya kale na mahali pa ibada. Ndani yake kukata mti kulikatazwa, na aliyevunja mwiko alilipa fidia. Katika upinzani wa Wagiriama wa miaka ya 1913 na 1914, ambao Mekatilili wa Menza aliuhamasisha, Waingereza waliamini kwamba nguvu ya watu hao inakaa kaya. Agosti 1914 walilipua Kaya Fungo kwa baruti, wakachoma nyumba nyingi, na wakawafukuza Wagiriama waliokuwa wakilima ng'ambo ya Sabaki. Nyumba za nyasi na makuti ziliungua upesi, na upesi zilijengwa tena, kwa sababu kila aliyekimbia alijua kuezeka. Kaya ziliendelea kuheshimiwa, na baada ya miaka michache watu walirudi ng'ambo ya mto.

Ilichukua karibu miaka 80 serikali kuukubali ulinzi huo. Kuanzia mwaka 1992 kaya zilianza kutangazwa kuwa kumbukumbu za kitaifa, na mwaka 1993 wataalamu wa mimea Ann Robertson na Quentin Luke wakatoa ripoti yao juu ya misitu ya pwani ya Kenya. Iliyojitokeza humo ni misitu midogo yenye miti adimu mno, mingine haionekani kwingineko. UNESCO iliziingiza kaya katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mwiko wa wazee ulikuwa umehifadhi mimea hai ambayo hebaria ilikuwa nayo mikavu.

Majabali ya chokaa ya Kilifi yana mmea mmoja unaoweka njia zote mbili mahali pamoja. Ni jamii ya ua linalouzwa kwenye vyungu duniani kote, ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipata Tanga mwaka 1892 na likapewa jina lake. Mwenye bustani wa London au Chicago hahitaji mbegu. Hukata jani moja pamoja na kikonyo chake, akalichomeka udongoni, nalo likachipua mmea mzima. Majani yameujaza ulimwengu kwa maua hayo, ilhali ndugu yao wa Kilifi amebaki kwenye majabali machache.

Jina na namna

Hadi hapa inaonekana sayansi inakausha na fundi anarudia. Lakini karatasi ikiandikwa vizuri inaweza kubeba zaidi ya jina. Ushahidi mkubwa umetoka China na kufika hadi zahanati za Malindi. Miaka ya 1970 mtafiti Tu Youyou alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika mmea wa jamii ya pakanga. Alipouchemsha, dawa haikufanya kazi kama alivyotarajia. Katika kitabu cha tiba cha karne ya 4 alikuta maelekezo mafupi: mmea ulowekwe kwenye maji, ukamuliwe, maji yanywewe. Hapakuwa na moto. Akabadilisha njia akatumia joto dogo, na artemisinini ikapatikana. Mwaka 2004 Kenya iliamua kuifanya dawa mseto yenye asili hiyo kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali, na mwaka 2015 Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel. Kilichofua dafu ni sentensi iliyoeleza namna. Jina la mmea peke yake lilikuwa likijulikana siku zote.

Pwani ya Kenya ina majani mengi yanayosubiri sentensi kama hiyo. Mwarubaini uliletwa kutoka Bara Hindi na ukapewa jina kwa imani kwamba unatibu maradhi arubaini, na kuna nyumba ambazo majani yake huchemshwa mtoto akipata homa. Ni moja tu ya dawa za majani ambazo wataalamu wa utafiti wa Kilifi, walioanza kazi yao hapo mwaka 1989, wamezikuta majumbani. Kama jani linafaa au halifai ni swali la maabara. Lakini maabara haiwezi kuanza kama haijui lilichumwa wakati gani, bichi au kavu, lililolowekwa au kuchemshwa, na kwa kiasi gani.

Gede kuna kazi moja inayoonyesha namna na jina vikifanya kazi pamoja. Mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993 kwa wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke. Mkulima hufuga viwavi, na pupa wao huuzwa kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Kila aina ya kiwavi ina jani lake: wapo wasiokula ila majani ya jamii ya mndimu na mchungwa, na ukiwapa mengine watakufa njaa wamezungukwa na kijani. Mkulima analazimika kuutambua mti kwa jani lake bila kukosea, na mwenzake wa hebaria anampa jina ambalo mnunuzi wa Uingereza atalielewa. Hakuna anayeweza kumwacha mwenziwe.

Paa la leo

Nyumba nyingi zinazojengwa Ganda sasa zinaezekwa mabati. Sababu zake ni za maana: hayavuji, hayashiki moto kwa cheche ya jikoni, hayadai fedha kila baada ya miaka michache, na mtoto anaweza kukinga maji ya mvua kutoka kwenye mfereji wake. Makuti yamehamia kwingine, kwenye mahoteli na majumba ya wageni ya Malindi na Watamu, ambako paa refu la makuti ni kivutio na mwenye hoteli hulibadilisha linapochakaa. Soko hilo limewapa wanawake wengi wa vijijini fedha za ada na unga, na bila kukusudia limechukua kazi ya ualimu iliyokuwa ya nyumba ya kila familia.

Hata hivyo soko si ukoo. Utalii wa Malindi umeyumba mara nyingi, na hoteli zikifungwa oda za makuti hukatika msimu huo huo. Ikifika hapo, tutakuwa na Cocos nucifera kwenye karatasi ya Nairobi, na picha za paa kwenye vipeperushi vya zamani, bila mtu wa kusema jani hukunjwa kwa upande gani na ukambaa hupitishwa wapi. Tumeshayaona kwa mtepe. Kuliandika hilo leo hakuhitaji baruti wala kamati: kunahitaji mtu akae karibu na mshonaji, aandike kila hatua kama Taylor alivyoandika kwa Sikujua, na juu ya karatasi aweke jina la aliyemfundisha.